Vishindo vya Usiku katika Nyumba ya Epworth

Jina la John Wesley si geni kwa Wakristo wa nchi hizi. Wamisionari wa tawi moja la Wamethodisti walifika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862, na tangu hapo mafundisho yake yameenea hata Meru na mahali pengine pengi. Twajua jinsi alivyosafiri juu ya farasi akihubiri, na jinsi ndugu yake Charles alivyotunga nyimbo nyingi za kumsifu Mungu. Lakini ni wachache tu waliopata kusikia habari ya vishindo vilivyotokea katika nyumba ya baba yao, majira ya baridi ya mwaka 1716 hata mwanzo wa 1717. Habari hiyo imebishaniwa na watu wenye elimu kwa muda wa miaka mia tatu na zaidi, na hata leo hawajapatana.

Twaona yafaa kuieleza hapa, si kwa kuwatia watoto hofu, bali kwa kuwa yafanana na mambo yatokeayo vijijini mwetu. Mtu asikia kishindo darini usiku. Wa kwanza asema ni panya. Wa pili asema ni pepo. Wa tatu ataja jina la jirani. Na huyo wa tatu akisikilizwa, mara nyingi huleta msiba ulio mkubwa kuliko kishindo chenyewe. Basi na tuone watu wa Epworth walifanyaje.

Epworth ni mji mdogo katika jimbo la Lincolnshire, huko Uingereza, katika nchi ya tambarare iliyokuwa zamani imezungukwa na mabwawa. Kasisi wake alikuwa Samuel Wesley, mtu wa elimu, mwenye bidii, na mwepesi wa hasira. Mkewe Susanna alimzalia watoto wengi; waliokuwa hai wakati ule ni kumi, yaani wavulana watatu na binti saba. Wavulana hawakuwapo nyumbani. Samuel mdogo alikuwa mwalimu katika shule ya Westminster, na Charles alikuwa mwanafunzi huko huko. Naye John, mwenye umri wa miaka 13, alikuwa akisoma katika shule ya Charterhouse, London. Jambo hili msomaji alishike, kwa maana John Wesley, aliyeitangaza habari hii duniani kote, hakusikia kishindo hata kimoja kwa masikio yake mwenyewe.

Tena yafaa kujua kwamba kasisi huyu hakupendwa na watu wake wote. Mwaka 1705 aliingia katika ugomvi wa uchaguzi wa wajumbe wa Bunge, akawaudhi wengi. Mwaka ule ule akafungwa katika gereza la Lincoln kwa sababu ya deni, na ng'ombe wake wakachomwa visu usiku. Tarehe 9 Februari 1709 nyumba yake ikateketea kwa moto, naye John, mtoto wa miaka mitano, akaokolewa kwa kupitishwa dirishani. Wengine walinena kwamba moto ule uliwashwa na adui. Nyumba mpya ikajengwa kwa matofali, nayo ndiyo iliyosikiwa vishindo. Ilikuwa na umri wa miaka saba tu. Nyumba hiyo yasimama hata leo, na wageni huenda kuitazama.

Mambo yalianza tarehe 1 Desemba 1716. Mtumishi wa kike alisikia mlangoni pa chumba cha kulia sauti ya kuugua, kama ya mtu aliye karibu kukata roho. Watu hawakuitia moyoni. Lakini baada ya siku chache wakaanza kusikia mapigo, matatu au manne pamoja, mara darini, mara katika chumba cha watoto, na hayo yakaendelea kila usiku kwa muda wa majuma mawili. Wote waliyasikia isipokuwa baba wa nyumba. Bibi Susanna hakutaka kumwambia, asije akadhani ni dalili ya kifo chake. Kwa maana Waingereza wa zamani hizo nao walikuwa na mila zao juu ya dalili za mauti, kama sisi tulivyo nazo juu ya kilio cha bundi.

Mwanzoni Bibi Susanna mwenyewe alidhani ni panya, akaamuru baragumu lipigwe nyumba nzima ili wafukuzwe. Badala ya kukoma, vishindo vikazidi, vikawa vya mchana na usiku. Ndipo alipomwambia mumewe. Mzee alicheka, akasema ni mabinti zake wanafanya mchezo, au ni wachumba wao. Haukupita muda mrefu, naye akasikia mapigo tisa makubwa karibu na kitanda chake. Toka hapo hakucheka tena.

Usiku mmoja wa siku za Krismasi, mume na mke walishuka pamoja, wameshika mshumaa, kutafuta asili ya makelele. Walipokuwa wakishuka wakasikia mlio kama mfuko wa fedha unaomwagwa miguuni pa mama, kisha mlio kama wa chupa zote zilizokuwa chini ya ngazi zinavunjwa vipande vipande. Wakatazama: fedha hakuna, na chupa zote nzima. Kasisi alikuwa ameleta mbwa mkubwa wa ulinzi. Usiku wa kwanza mbwa alibweka kwa ukali. Baadaye, kila vishindo vilipoanza, alinyamaza akajificha nyuma ya watu, akiogopa kuliko hata watoto.

Jambo lililomwudhi sana mzee ni hili: vishindo vilizidi nguvu alipomwombea Mfalme George katika sala za nyumbani. Mfalme yule alikuwa ametawazwa mwaka 1714, akiwa mtu wa nasaba ya Ujerumani, na mwaka 1715 wafuasi wa ukoo wa wafalme wa kale waliinuka kwa vita ili wamwondoe. Basi nyumbani Epworth kila jina la mfalme lilipotajwa, ukuta ulipigwa. Mzee, kwa ushupavu wake, akairudia sala ile makusudi. Yeye mwenyewe aliandika kwamba mara tatu alisukumwa na nguvu asiyoiona.

Akaitwa kasisi wa Haxey, kijiji cha jirani, jina lake Hoole. Naye alivisikia. Mzee Wesley alitwaa bastola ili apige risasi mahali palipotoka mlio; Hoole akamzuia, akimwambia kwamba ikiwa hiki ni kitu kisicho cha mwili, risasi haitakidhuru. Ndipo mzee akakikemea kwa maneno makali, akikiita shetani kiziwi na bubu, akakiuliza kwa nini kinawatisha watoto, akakitaka kije kwake katika chumba chake cha kusomea, kwa mtu mzima. Rafiki zake walipomshauri aihame nyumba, alikataa kabisa; alisema shetani ndiye wa kumkimbia yeye, wala si yeye kumkimbia shetani.

Wala hofu haikudumu. Mabinti walikizoea kitu kile hata wakakipa jina, wakakiita Mzee Jeffrey. Na vishindo vilipoanza wakati wa kulala, waliambiana kwamba Jeffrey amekuja, sasa ni saa ya usingizi. Mtumishi Robert Brown alisema aliona kinu cha mkono kikizunguka chenyewe darini. Naye alisikitika tu kwamba kilikuwa kitupu, kwa maana kama kingekuwa na shayiri, huyo Jeffrey angalimsagia bure. Mwisho wa Januari 1717 vishindo vikakoma.

Hizi ndizo habari. Sasa tuje kwenye swali la ukweli wake, na hapa ndipo palipo na mafundisho mengi.

Wa kwanza kuichunguza habari hii alikuwa ndugu mkubwa, Samuel mdogo. Alipopata barua ya mama yake iliyoandikwa tarehe 12 Januari 1717, hakusema ni uongo, wala hakusema ni shetani. Alimwandikia mamaye maswali. Je, kuna mtumishi mpya nyumbani, mume au mke, awezaye kufanya hila? Watu wote walikuwa wapi vishindo viliposikiwa? Je, jamaa yote walivisikia pamoja, wakiwa katika chumba kimoja na kwa saa moja? Haiwezekani kuwa ni paka, au panya, au mbwa? Twapenda kila msomaji ayaandike maswali hayo mahali pa kuyaona, kwani ni maswali ya mtu mwenye akili na upendo pamoja. Hakumvunjia mama yake heshima, wala hakulala usingizi juu ya ushuhuda wake.

Na jibu la mama ni la kusifiwa vilevile. Alikiri waziwazi kwamba mtumishi wa kiume na wa kike wote wawili walikuwa wapya, wameajiriwa sikukuu ya Martin Mtakatifu iliyopita. Sikukuu hiyo ni tarehe 11 Novemba, na sauti ya kwanza ilisikiwa tarehe 1 Desemba. Lakini aliongeza kwamba hawashuku, kwa kuwa vishindo vilisikiwa wakati watumishi hao wako pamoja na jamaa chumbani, na tena wao ndio walioogopa kuliko wote. Mwanamke yule angaliweza kulificha jambo lenye kupunguza nguvu ya habari yake. Hakulificha. Shahidi wa namna hiyo astahili kusikilizwa.

Binti mkubwa, Emily, alikuwa na mawazo mengine. Alimwandikia ndugu yake kwamba yeye aamini ni uchawi. Alitoa sababu zake: kwamba mwaka uliotangulia palikuwa na fujo kama hiyo katika mji wa karibu; tena kwamba baba yao, Jumapili kadha wa kadha kabla ya vishindo kuanza, alikuwa amehubiri kwa ukali juu ya watu waendao kwa waganga na wapiga ramli, maana watu wa Epworth walikuwa na desturi hiyo. Msomaji atastaajabu kusikia kwamba Waingereza nao walikwenda kwa wapiga ramli. Naam, walikwenda. Tena mwaka 1712, miaka minne tu kabla ya mambo haya, mwanamke mmjane aitwaye Jane Wenham alihukumiwa kufa huko Hertford kwa shitaka la uchawi, akaokolewa kwa msamaha wa Malkia Anne. Sheria ile haikufutwa mpaka mwaka 1736. Kwa hiyo neno la Emily halikuwa neno jepesi. Lakini angalia: hakutaja jirani hata mmoja kwa jina, wala baba yake, mwenye adui wengi mjini, hakumshitaki mtu ye yote.

John Wesley alikusanya habari hizi alipokwisha kuwa mtu mzima. Mwaka 1726 aliwauliza mama yake, dada zake, watumishi, na Hoole, akaandika maneno ya kila mmoja. Mwaka 1784 akazitangaza katika gazeti lake. Yeye aliamini pasipo shaka kwamba ni roho mbaya, na alitoa sababu yake. Alisema kwamba mwaka mmoja kabla Mfalme William hajafa, baba yake alitambua ya kuwa mama haitikii Amina katika sala ya kumwombea mfalme, kwa kuwa hakumkubali kuwa mfalme wa haki. Baba akaapa kwamba hatakaa naye mpaka akubali. Akapanda farasi akaenda zake kwa muda wa mwaka mzima, hata mfalme alipokufa. John aliona kwamba vishindo vile vilikuwa adhabu ya kiapo hicho cha haraka.

Mwaka 1791, baada ya kufa kwake John, mtu mwingine mashuhuri alizichapa barua za jamaa ile. Huyo ni Joseph Priestley, aliyekuwa mchungaji na pia mtaalamu wa mambo ya asili, ambaye mwaka 1774 alivumbua ile hewa iitwayo oksijeni. Yeye aliona kwamba vishindo vilikuwa hila za watumishi wakisaidiwa na majirani, waliotaka kujifurahisha na kuifadhaisha jamaa. Hoja yake kubwa ilikuwa hii: Mungu hafanyi maajabu pasipo kusudi, na vishindo hivi havikuleta fundisho wala faida yo yote. Lakini mwaka 1820 Robert Southey, aliyeandika maisha ya Wesley, alimpinga. Aliona kwamba ushahidi ni mwingi mno kuweza kuelezwa kwa hila za watumishi.

Baadaye wakatokea wengine, miongoni mwao Frank Podmore, waliomshuku binti mmoja, Hetty, aliyekuwa na umri wa miaka kama 19, msichana mwerevu na mtunzi wa mashairi. Walisema kwamba vishindo vilitokea mara nyingi karibu naye, kwamba alitetemeka usingizini viliposikiwa, na kwamba katika maelezo yaliyokusanywa na John maelezo ya Hetty hayamo.

Sasa na sisi tupime. Kwanza twaona kwamba si mashahidi wote walio sawa. Barua za Januari 1717 na kitabu cha baba cha habari za kila siku ziliandikwa wakati mambo yangali mapya. Maelezo ya mwaka 1726 yaliandikwa baada ya karibu miaka kumi. Gazeti la John lilichapwa miaka 67 baada ya vishindo kukoma. Kumbukumbu ya mtu ni kama njia ya msituni. Kila apitaye huipanua kidogo.

Tuna mfano ulio wazi. Mwaka 1953 zilichapwa barua alizoandika Susanna mwenyewe wakati wa ule ugomvi wa Amina. Zaonyesha kwamba ugomvi ulitokea mwanzo wa mwaka 1702, wakati uo huo mfalme alipokuwa akifa, wala si mwaka mmoja kabla yake. Na mumewe alirudi nyumbani mwaka ule ule. Kumbe mfalme alikufa, na ugomvi haukwisha papo hapo. John hakusema uongo. Alisimulia kama alivyosimuliwa mambo yaliyotokea kabla hajazaliwa. Lakini kama mtu mwaminifu kama yeye aliweza kukosea habari ya wazazi wake mwenyewe, sisi tunaopokea habari kwa mtu wa nne na wa tano yatupasa kuwa waangalifu mara ngapi?

Pili, twaona kwamba kusikia ni jambo moja, na kujua asili ya kilichosikiwa ni jambo jingine. Kwamba vishindo vilisikiwa, hatuoni njia ya kukana: wasikizi walikuwa wengi, mwanzoni walidhani ni panya au ni mchezo, na hawakupata faida ya fedha wala ya sifa. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyemwona mpigaji. Mama aliona chini ya kitanda kitu kama nyegere asiye na kichwa, mtumishi aliona kitu kama sungura mweupe. Hayo ni mambo ya usiku, kwa mwanga wa mshumaa, katika nyumba iliyokwisha kujaa hofu. Maneno ya Priestley yana uzito, maana watumishi walikuwa wapya na adui walikuwapo. Walakini hayaelezi vema jinsi vishindo vilivyosikiwa watumishi wakiwapo mbele ya macho ya watu. Maneno ya John yana uzito kwa wingi wa mashahidi. Walakini sababu aliyoitoa imedhoofika.

Tatu, na hili twalinena kwa nguvu: shitaka juu ya Hetty halina msingi wa kutosha. Torati yadai mashahidi wawili au watatu. Hapa hakuna hata mmoja aliyemwona akipiga ukuta. Mtu kutetemeka usingizini si hatia, na karatasi isiyokuwapo si ungamo. Msichana huyu aliteswa vya kutosha katika maisha yake. Baada ya kosa la ujana baba yake alimkataa, akaolewa ndoa isiyo na furaha. Si haki waandishi wa nyakati za baadaye kumtwika na mzigo huu pia, kwa kuwa tu kila fumbo lataka mtu wa kulaumiwa. Na ndivyo ilivyo kwetu: mzigo wa fumbo haumwangukii mwenye nguvu, humwangukia bibi kizee asiye na watoto, au mke mgeni, au mtoto yatima.

Mwaka 1750, Emily, aliyekuwa sasa mwanamke wa makamo, alimwandikia ndugu yake John kwamba Jeffrey angali akimjia kila afikiwapo na taabu mpya. Basi yeye hakubadili imani yake. Wala waliomkana Jeffrey hawakubadili yao.

Ndugu wasomaji, Mtume Yohana atuonya tusiiamini kila roho, bali tuzijaribu. Kujaribu si kukana, wala si kuitikia upesi. Jamaa ya Epworth walikaa miezi miwili pamoja na jambo wasiloweza kulieleza. Katika miezi hiyo waliendelea kusali, tena Bibi Susanna alikiomba kitu kile kisimsumbue katika saa yake ya maombi, hawakuihama nyumba, hawakwenda kwa mpiga ramli, waliandika walichokisikia, wakakubali kuulizwa maswali na mtoto wao. Na vishindo vilipokoma, hapakuwa na jirani aliyefukuzwa, wala nyumba iliyochomwa, wala kaburi jipya. Katika mambo yote ya habari hii, hilo ndilo lisilobishaniwa na mtu.